Siku ya Michezo: Nani Amemshika Mtoto?

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa nje ni la furaha tupu, yaani kumpeleka mtoto mchanga, au yule anayeanza kutembea, kwenye viwanja vya michezo na burudani. Zamani sikukuu ilikuwa ni pilau, nguo mpya na kwenda kuwaamkia wazee. Siku hizi, hasa kwetu sisi wa Dar es Salaam, watoto wakubwa hurudi kutoka shuleni wakisimulia habari za miteremko ya maji ya Kunduchi na Kigamboni, za treni ndogo, za bembea za kuzunguka na yale majumba ya hewa ya kurukia. Wala nyumba haitulii mpaka wamepelekwa. Baba akisha kukubali, hutoka familia nzima, na kitindamimba hutoka nayo mgongoni mwa mama, kwa sababu hakuna wa kumwachia.

Kila ikaribiapo Krismasi au Pasaka, maswali ni yale yale, kliniki na hata nje ya mlango wa kanisa. Mtoto wa miezi minne aweza kwenda? Wa mwaka mmoja na nusu aingizwe majini? Na je, yule anayenyonya apewe maji kwa kuwa jua ni kali? Jibu letu ni kwamba aweza kwenda, lakini siku hiyo yote ifuate mwili wake yeye. Kaka zake waweza kuvumilia njaa, jua na foleni kwa ajili ya mchezo mmoja. Yeye hawezi, na hakuomba kuja.

Tuanze na saa. Wengi wetu hutoka nyumbani saa tano, baada ya kupika na kufungasha, tukafika saa saba jua likiwa utosini. Ni afadhali mno chakula kipikwe usiku, nanyi muwe langoni wanapofungua. Asubuhi maji bado ni safi, foleni ni fupi, na mtoto ameamka na nguvu zake. Ikifika saa saba mchana, familia yenye mtoto wa chini ya miaka miwili ianze kufungasha. Tunajua kwamba baba atasema tiketi imelipiwa mpaka jioni. Mwambieni kwamba katika viwanja vingi huyo mdogo hakulipiwa kitu, basi na kuondoka kwake mapema hakuna hasara.

Mwili wa mtoto mchanga hupoteza maji upesi kuliko wetu, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, na hana njia ya kusema kwamba ana kiu. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji wala juisi hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama karibu yote ni maji, yapata sehemu tisa katika kumi. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha. Hapo ndipo tunapopungukiwa, maana mama hugawa maji kwa kila mtu mpaka chupa inaisha, yeye hajaonja. Tazameni nepi. Mtoto ambaye hakukojoa kwa saa sita, ambaye mdomo wake ni mkavu, analia bila machozi, au utosi wake umebonyea, huyo apelekwe kituo cha afya mara moja wala asisubiri wenzake wamalize kuogelea.

Kuna desturi moja ambayo hatuipendi, nayo ni ya kumfunika mtoto kanga uso mzima, mgongoni au kwenye kigari, ili jua lisimpate. Chini ya kanga hewa haipiti na joto hupanda, naye mtoto hunyamaza tukadhani amelala usingizi mzuri. Kivuli cha mti au cha banda chatosha, pamoja na kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu. Uso wake uonekane daima. Wala asiachwe ndani ya gari, hata kama dirisha limefunguliwa kidogo, hata kama ni dakika kumi za kukata tiketi. Gari lililosimama juani hupata joto upesi mno. Mama mwenye mtoto mwenye ualbino asikate tamaa ya kumpeleka mwanawe kucheza na wenzake, ila safari yake iwe ya asubuhi sana au ya alasiri jua likisha kupoa, akiwa na kofia, nguo za kufunika mikono na miguu, na mafuta ya kuzuia jua yapakwe tena kila atokapo majini.

Maji ya kuchezea

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Jumatatu moja ya Pasaka tulikuwa zamu, akaletwa mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane. Familia ilikuwa imekwenda kwenye uwanja wa maji, watu wazima kumi na mmoja, pamoja na watoto. Kidimbwi alimokutwa kilikuwa cha watoto wadogo, maji hayafiki magoti ya mtu mzima. Tulipowauliza alikuwa na nani, mama alisema alimwacha kwa bibi yake. Bibi alisema alimwona akielekea kwa shangazi. Shangazi alikuwa akimpiga picha mwingine. Baba alikuwa amekwenda kununua soda, naye alidhani, na tunanukuu maneno yake, kwamba "watu wote wapo". Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, na hakuna aliyekuwa mzembe kwa tabia. Kwa rehema za Mungu mtoto yule aliwahiwa, akalala siku mbili kwenye oksijeni, akarudi nyumbani akicheka. Wako wasiowahiwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tunataja hesabu hiyo kwa sababu akina mama wengi hudhani kuzama ni habari ya wavuvi. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kushika kitu majini hutangulia kichwa, na akianguka kifudifudi hana nguvu za kujiinua, hata kama maji ni ya kina cha ndoo. Wala hapigi kelele. Sisi hungoja kusikia mtoto akilia, kumbe anayezama hana pumzi ya kulilia. Muziki wa spika, vicheko na maji yanayomwagika vingefunika hata sauti ambayo angeitoa.

Wodini tuna utaratibu wa makabidhiano ya zamu. Muuguzi anayeondoka haondoki kwa kuwa amewaona wenzake wakiingia mlangoni. Hupita kitanda kwa kitanda na yule anayeingia, akimtaja mgonjwa na hali yake, na yule anayeingia hujibu kwamba amempokea. Mpaka neno hilo lisemwe, mgonjwa ni wa yule wa kwanza, hata kama gari lake la kurudi nyumbani linapiga honi. Fanyeni hivyo hivyo kandokando ya maji. "Wifi, nakukabidhi mtoto, nakwenda msalani." "Haya wifi, nimempokea." Asipojibu, hujakabidhi, basi nenda naye huko msalani. Na aliyempokea awe ndani ya maji pamoja naye, mkono wake uweze kumfikia wakati wote, simu ikiwa kwenye mkoba. Kila baada ya nusu saa abadilishwe, kwa sababu macho huchoka.

Mtatuuliza, na mwokoaji wa pale uwanjani je? Akiwepo tumshukuru Mungu, lakini ana watoto mia wa kutazama, naye hamjui wa kwako. Na yale maboya ya kujaza hewa ya kuvaa mikononi ni vitu vya kuchezea. Huchomoka, hupasuka, na humfanya mzazi ageuze uso. Kama hapana budi kuvaa kitu, na liwe jaketi la kuokolea la kipimo chake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalisheni nguo ya rangi kali, ya machungwa au ya waridi iliyokoza. Nguo ya buluu hupotea machoni ndani ya dimbwi lililopakwa rangi ya buluu.

Hapa tuseme neno juu ya msichana wa kazi, maana mara nyingi ndiye anayepewa mtoto ili mama naye apumzike. Binti huyo huenda ana miaka kumi na saba, ametoka bara, hajapata kuona maji mengi hivyo maishani mwake, na hajui kuogelea. Kumwachia kitindamimba kando ya dimbwi ni kuwaweka hatarini watoto wawili. Na yeye ni mtoto wa mtu.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, tafadhalini, msimning'inize miguu juu, wala msimkandamize tumbo ili atapike maji. Hayo humpotezea dakika ambazo hana. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu kidogo, mpulizieni pumzi mbili hadi tano, na kifua kiinuke kila mara. Kwa mtoto mchanga mdomo wenu ufunike mdomo na pua yake pamoja. Asipopata fahamu, bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa vidole gumba viwili akiwa mchanga, kwa kiganja kimoja akiwa mkubwa kidogo, kifua kishuke theluthi ya unene wake, kisha pumzi mbili. Endeleeni hivyo wakati mwingine anatafuta gari. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na kikundi chochote cha akina mama chaweza kuomba somo hilo. Kulisoma hapa hakutoshi, mikono yahitaji kuzoea. Na mtoto aliyetolewa majini akiwa anapumua, lakini anakohoa, anatapika au anasinzia kuliko kawaida, huyo naye ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Zamu ya baba

Mwanzilishi wa bustani kubwa ya burudani ya Disneyland, Walt Disney, aliyeifungua katika mji wa Anaheim, huko California, tarehe 17 Julai 1955, alipata kueleza kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi, akiwatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa bembea, yeye hana la kufanya. Akaona pafaa pawepo mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Katika bustani za kampuni hiyo huko Marekani kuna vyumba maalumu vya kunyonyeshea na kubadilishia nepi, tena upo utaratibu unaotupendeza sana: mzazi mmoja hubaki na mtoto mchanga wakati mwenzake anapanda mchezo, kisha hubadilishana, na yule aliyebaki hapangi foleni upya. Msomaji mwenye ndugu huko, akialikwa, aulizie langoni.

Kwetu huku benchi ile haikuondoka, ila anayeikalia ni mama. Siku nzima yuko juu ya mkeka, analinda mikoba, anagawa chapati, ananyonyesha, anakausha vichwa. Jioni akiulizwa siku ilikuwaje husema ilikuwa nzuri. Hatusemi agome. Tunasema azungumze na mumewe usiku uliotangulia, kwa upole na kwa saa: "Baba Nanii, kesho kuanzia saa tatu mpaka saa nne unamshika wewe, na mimi niteremke na wakubwa mara moja." Mume akiambiwa pale pale uwanjani, mbele ya ndugu zake, huenda akaona haya, akiambiwa nyumbani, wengi hukubali, na wengine hufurahi kuombwa. Mama aliyepumzika saa moja huona vizuri zaidi kuliko aliyekesha akipika na kushinda juani.

Juu ya michezo yenyewe, kipimo cha urefu kilichopo kwenye mlango wa kila mchezo kisibishaniwe. Tumewasikia wazazi wakimwongezea mtoto umri ili apite. Mtoto ambaye bado hajakaa wima mwenyewe, shingo yake haijaweza kuhimili mtikisiko wa bembea ya kasi, na kumpakata hakusaidii kitu. Hata mteremko wa kawaida wa kuteleza una hatari yake. Sisi wauguzi tumewaona watoto waliovunjika mfupa wa muundi wakiwa wamepakatwa na mama zao. Mtoto huteleza mapajani, kiatu chake kikagusa ukingo na kunasa, uzito wa mama ukaendelea kushuka, na mguu ukapinda. Aende mteremko mfupi, peke yake, bila viatu, nawe umngoje chini. Kama hawezi kwenda peke yake, basi huo si wake bado.

Majumba ya hewa nayo yanapendwa sana, nasi hatuna nia ya kuwanyima watoto. Mdogo asichanganywe na wakubwa mle ndani. Kijana wa miaka tisa akitua, yule wa miaka miwili hurushwa juu bila kupenda, na akitua ni mkono au mguu. Tena tazameni kama limefungwa imara chini. Tarehe 16 Desemba 2021, huko Devonport, Tasmania, nchini Australia, upepo uliinua jumba la namna hiyo katika sherehe ya shule ya msingi, na watoto sita wakafariki. Upepo wa pwani tunaujua. Ukianza kupeperusha kanga, watoto na watoke.

Vya kuuzwa uwanjani tutavipitia upesi. Karanga, bisi na peremende ngumu si za mtoto wa chini ya miaka minne, kwa kuwa hupalia, hasa akila huku anakimbia. Puto lililopasuka liokotwe mara moja, maana kipande chake kikiingia kooni huziba kabisa. Mishikaki iwe ya moto kutoka jikoni, na matunda yale mliyomenya wenyewe.

Mtoto anayeharisha asiingizwe majini hata kama siku imengojewa mwaka mzima, na hata kama amevishwa nepi ya kuogelea. Nepi hiyo huzuia kinyesi kigumu tu. Dawa ya klorini huua vijidudu vingi, lakini kuna kimoja cha kuharisha, kiitwacho Kriptosporidia, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku saba katika maji yaliyowekwa dawa sawasawa. Kwa hiyo anayeingia akiharisha huwaachia wenzake. Na ninyi msiyemjua aliyeogelea jana yake, chungulieni dimbwi kabla ya kulipa. Kama sakafu haionekani vizuri kwa sababu maji yana ukungu, rudini mkacheze kwenye bembea.

Mambo mawili madogo yabaki. Piga picha ya mtoto kwa simu asubuhi mkiwa langoni, akiwa na nguo za siku hiyo, na mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi. Mtoto wa miaka miwili akipotea hulitaja jina la mama yake kuwa ni "mama". La pili ni mbu. Wengi hujikinga na wa usiku tu, lakini homa ya dengi, ambayo ililipuka hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huenezwa na mbu wanaouma mchana, na madimbwi madogo yaliyotuama chini ya maua na ndani ya matairi mabovu ndiyo makazi yao. Mkeka wenu uwe mbali na hapo.

Mkifika nyumbani, mwogesheni mtoto maji safi, mfuteni masikio kwa nje tu kwa kitambaa laini, mnyonyesheni, mwacheni alale. Homa au kilio cha kushika sikio kesho yake kisitibiwe kwa dawa iliyobaki kabatini. Akianza kuharisha katika siku zinazofuata, pakiti moja ya dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya ORS, ichanganywe na maji safi kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja. Anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko, na kunyonya kuendelee. Mkienda zahanati mchukue kadi yake ya kliniki, na mumwambie muuguzi kwamba aliogelea, wapi, na siku gani.